Kasoro za Skrini ya Weldon, na Zangu

Chelangat,

Mambo ya sweta, ya kupiga simu ukifika, na ya kutonunua chakula cha dirishani, mama yako amekwisha kukuambia, na vile ninamjua atarudia yote kesho ukiwa na mguu mmoja nje. Mimi sitayagusa. Saa hii umepanda huko juu kumuaga kogo, nyanyako, na yeye hamwachilii mtu kabla ya kikombe cha pili, kwa hivyo najua nina nafasi. Nimekaa dukani. Mlango nimeufunga nusu ili watu wa fotokopi wafikiri stima imepotea.

Kesho unaenda Nakuru. Watu wa Chepseon wote wanafikiri unaenda kwa wale wachapishaji wa vitabu vya shule, wale waliokuita baada ya kuona kazi zako. Mimi na mama yako tunajua huendi kwao. Unaenda kusimama kwa kaunta ya shangazi yako uuze dawa ya kupe na chumvi ya ng'ombe. Sina ubaya na dawa ya kupe, Chelangat, nimeinunua maisha yangu yote. Lakini nilipokuuliza mbona, ulinijibu bila kunitazama: "Baba, mimi sina jicho la hiyo kazi. Uliona mwenyewe Kedowa." Ukaendelea kukunja nguo.

Niliona, ndiyo. Niliona hata kabla ya wewe kuona, na hilo ndilo ninataka kukuandikia. Wale watu wa Nakuru wamesema nafasi yako iko hadi Jumatatu. Nina maneno ambayo ningekuambia kwa mdomo kama ningekuwa na ujasiri, lakini wiki nzima kila nikikukaribia najikuta nakuuliza kama umekunywa chai. Umekunywa chai nyingi sana wiki hii kwa sababu yangu.

Wacha nianze na skrini.

Unakumbuka siku Weldon aliileta. Ndugu yangu huyo mdogo alikaa Nairobi miaka yote, mchana anatengeneza kompyuta za ofisi za watu, jioni anacheza game. Akaoa, na mkewe akamwambia nyumba ni ndogo, achague kati yake na hicho kidude. Akakifunga kwa blanketi, akakileta Chepseon. Kilipotolewa, watu waliokuwa wakingoja picha za pasipoti walisimama wote. Kilikuwa kirefu kama benchi ya kanisa, na kimepinda katikati kama kinataka kukukumbatia. Wewe ulishika mashavu kwa mikono miwili. Halafu ukamwambia Weldon, "Asante sana, baba."

Najua, najua. Kwetu ndugu ya baba ni baba, na ungemwita kwa jina lake ningekuwa wa kwanza kukugombeza. Mimi ndiye niliyekufundisha hivyo. Lakini nilikuwa nimesimama hapo na bisibisi mkononi, na hilo neno lilinipita likaenda kwake, na nikasikia kitu kinanibana hapa chini ya mbavu. Mtu ambaye hakukubeba mgongoni ulipokuwa na surua! Ambaye hakukaa nawe tangu darasa la nne akikufundisha kuchapa kwa vidole kumi bila kutazama chini! Anakuja na kitu alichofukuzwa nacho kwake, na anaitwa baba, tena kwa sauti ile. Ile sauti nilifikiri ni yangu peke yangu.

Halafu kukawa na mambo ya meza. Meza yetu unaijua, ile ya mti wa saipresi, viti viwili kando kwa kando, changu kulia, chako kushoto. Hiyo skrini ilikuja na miguu yake imetanuka kama ng'ombe anayekojoa, ikachukua meza yote. Hakuna mtu aliyekitoa kiti changu. Kilijisogeza chenyewe, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka siku moja nikajikuta nimekaa kando ya mashine ya fotokopi kama mteja anayengoja chenji. Wewe hukuona. Ulikuwa unafanya kazi.

Basi nikaanza kuikosoa skrini, na niliikosoa vizuri, maana karatasi ni kitu ninachokijua.

Karatasi inasimama. Barua inasimama, fomu ya chifu inasimama, programu ya mazishi inasimama. Skrini ile inalala. Ukifungua ukurasa unaona kichwa na kifua, miguu imebaki chini huko, itabidi usukume. Ukipunguza ili uone ukurasa wote, herufi zinakuwa siafu. Na huku pembeni, kushoto na kulia, kuna nafasi tupu ya kuchezea mpira. "Tumepata shamba refu lakini halina mahindi," nilikuwa nawaambia wateja, na wateja wanacheka, na wewe unacheka kidogo pia, kwa heshima.

Herufi zake nazo hazikuwa safi. Kila herufi nyeusi ilikuwa na kivuli chekundu upande huu na cha kijani upande ule. Ni kidogo, wewe mwenyewe ulisema huoni, lakini mimi nimetazama herufi tangu kabla hujazaliwa na niliona. Kule kupinda kwake kulifanya jedwali la zamu za kanisa lionekane limelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo, ukawa unalinyoosha na kumbe limenyooka. Rangi nazo ni za game, zimetengenezwa kwa moto na damu. Zambarau ya akina mama wa kanisa iliwaka kwenye skrini mpaka ukatabasamu, ikatoka kwa printa kama chai ya jana. Halafu yule bwana harusi wa Nairobi, aliyetaka kuona kadi yake kabla haijachapwa. Ukamtumia picha ya skrini yako yote kwa simu yake, akasema, "Dada, mimi naona tu mstari mrefu. Kadi iko wapi?" Nilicheka mpaka nikakohoa. Shingo yako ikaanza kuuma kwa kugeuka huku na huku kama mtu anayevuka barabara, na mama yako akawa anakukanda kwa mafuta ya moto. Stima ikipotea, ile betri yetu ndogo, iliyokuwa ikibeba skrini ya zamani mpaka umalize ukurasa, iliibeba hii mpaka useme "ngoja," basi, giza.

Kila neno lilikuwa kweli. Hata leo mtu akiniuliza nitamwambia skrini ya game si ya kazi za karatasi, heri atafute mbili za kawaida aziweke pamoja. Lakini wewe hukuinunua, Chelangat, ulipewa, na haikukudhuru chochote ambacho hungeweza kurekebisha. Na mimi sikuwa nakushauri. Nilitaka itoke mezani kwangu, itoke na jina la Weldon, na wewe urudi kuniuliza maswali.

Wewe ukatafuta njia. Maandishi ukayaleta katikati ambako jicho linayaona sawa, picha na vipimo ukavipeleka pembeni. Kurasa za kijitabu ukazipanga zote kwa mstari mmoja, ya kwanza na ya mwisho, ukaona kijitabu chote mara moja bila kusukuma, jambo ambalo mimi nililifanya miaka yote kwa kukunja karatasi na kuhesabu kwa vidole. Ile zambarau ukaichapa kwenye kipande cha karatasi ukakibandika kando ya skrini, ukawa unaamini karatasi. Sikukusifu hata mara moja. Nilikuwa nimekaa kwa fotokopi nikisikia wateja wakikusifu, na kila sifa nilikuwa naisikia kama mtu amekanyaga kidole changu.

Nilijua ninachofanya, hilo ndilo baya zaidi. Mimi nilifundishwa taipu na mzee Nyabuto, yule karani wa mashamba ya chai aliyetoka huko Gusii akiwa kijana. Hukumkuta. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa ofisini kwao, aliikosoa wiki nzima. "Haina sauti," alisema. "Utajuaje kama umegonga?" Sisi vijana tulimcheka nje ya dirisha. Na alikuwa anasema kweli, mwaka huo wa kwanza niliruka herufi kila siku kwa kukosa ile sauti. Lakini mzee Nyabuto alipochoka kukosoa, alisimama, akanipa kiti chake, akavuta stuli akakaa nyuma yangu na kunisomea barua ili mimi nichape. Sikumwambia hata asante. Nilifikiri amezeeka tu, amechoka. Sasa ndio najua ilimgharimu nini kusimama pale, kwa sababu zamu yangu ilipofika mimi sikusimama.

Watu walianza kuuliza, "Msichana yuko?" Mwanzo niliona ni sawa. Halafu mtu anafika mlangoni, ananiona mimi mzima nimekaa, anasema, "Ah, nitarudi akiwa." Wee! Duka hili nililifungua mimi. Nilianza na taipu moja na meza ya kuazima, na sasa mtu ananiambia atarudi!

Siku moja ulipoenda Kericho kuleta wino, nilipiga magoti nyuma ya kompyuta. Unajua Weldon alikuwa ameweka kile kidude kidogo ndani ili kompyuta yetu kuukuu iweze kusukuma skrini pana hivyo, na waya mnene unatoka hapo. Niliuchomoa. Nikachukua waya wetu wa zamani nikauchomeka kwenye lile tundu la zamani, ambalo halijui kwamba duniani kuna skrini ya upana huo. Likatoa picha ya upana wa kawaida, na skrini ikaivuta huku na huku mpaka ikajaa. Kila kitu kikanenepa. Herufi "o" ikawa kama yai lililolala. Waya mnene niliuficha ndani ya gambuti yangu iliyotoboka, kule stoo.

Ulirudi ukashangaa. Nikakuambia, "Stima ilikuja na nguvu, nadhani kile kidude cha Weldon kimeungua." Ukataka kumpigia simu. Nikasema, "Usimsumbue, ana mtoto mchanga." Ukatafuta kwenye mipangilio, hukupata, ukanitazama, na mimi nikainua mabega. "Si nilikuambia hizi ni za michezo?" Uliamini kwa sababu ni mimi niliyesema. Nilitarajia utachoka, uirudishe ile ya zamani, nami nivute kiti changu. Hukuchoka. Ulisema barua hazidhuriki, zinachapwa sawa tu, na picha utazikaza kwa jicho mpaka uso uwe uso. Niliona hatari hapo hapo. Ukiikaza picha ipendeze kwenye skrini inayonenepesha, kwenye karatasi itatoka imekonda. Mtu wa kazi hii yeyote angeliona, na mimi ni mtu wa kazi hii. Nikaenda kunywa chai.

Wiki hiyo hiyo akaja Mama Kiprono kutoka Kedowa, mke wa marehemu mzee Soi. Alisimama mlangoni na flashi imefungwa kwenye leso. Nikamkaribisha, nikampa pole, nikanyoosha mkono. Hakunipa.

"Yule msichana yuko?"

"Mimi ndiye mwenye duka, mama."

"Najua, mzee, na ninakuheshimu. Lakini nataka msichana. Alitengeneza programu ya mazishi ya dada yangu, nilipenda sana."

Hata sasa nikiandika nasikia uso ukiwaka. Ulitoka ndani, ukamketisha, ukamshika mkono. Alikuambia picha ya mzee iliyo kwenye flashi ameitafuta nyumba nzima, ni ya kabla ya ugonjwa. Nililisikia hilo nikiwa kwa fotokopi. Ulilisikia pia, lakini wewe hukuwahi kumwona mzee Soi. Mimi nilimjua. Nilinunua mahindi kwake. Alikuwa mtu mnene, shingo imejaa kola, koti vifungo vinalia, akicheka tumbo linatangulia.

Ulimaliza kazi, ukachapa nakala ya kwanza, ukaniletea mkononi kama kawaida yetu, kwamba nakala ya kwanza ni ya macho ya Baba. Sikiliza vizuri hapa. Niliitazama. Nikaona mtu mwembamba, mashavu yameingia, shingo kama ya kuku. Niliona mara moja, sikuhitaji miwani. Nilijua kosa ni nini, limetoka wapi, na ni mkono wa nani. Ulikuwa umesimama unangoja na kalamu nyuma ya sikio. Nami nikakurudishia karatasi, nikasema, "Iko sawa. Chapa."

Nilitaka ushindwe mara moja tu, mbele ya watu. Kushindwa kidogo, urudi upande wangu wa meza. Ndivyo nilivyojiambia, kidogo, kama kwamba mimi ndiye ninapima.

Siku ya mazishi Kedowa ulikuwepo, sitakusimulia yote. Lakini wewe ulikuwa umemwinamia Mama Kiprono, hukuona nilichoona mimi nikiwa nyuma yako na katoni ya nakala zilizobaki. Niliona watu chini ya hema wakifungua, wakitazamana, wakifunga taratibu na kuigeuza picha chini juu ya mapaja. Hakuna aliyepiga kelele. Mama Kiprono alipitisha kidole juu ya ule uso. Akasema, "Huyu ni yule wa hospitali. Mimi niliwapa yule mwingine." Halafu akasema, "Nimemwosha akiwa hivi. Nilitaka watu wamwone vile alikuwa."

Ukapiga magoti kwenye nyasi na nguo yako nzuri. "Ni makosa yangu, mama. Mimi ndiye nilitengeneza." Ulisema mara mbili, kwa sauti, ili wale wa nyuma wasikie na wasimlaumu mtu mwingine. Mimi nilikuwa na nafasi ya kusema. Pumzi ilikuwepo, ulimi ulikuwepo. Nikasema, "Ni mtoto, mtamsamehe."

Ni mtoto, mtamsamehe. Nimelala na hayo maneno na nimeamka nayo tangu siku hiyo.

Tuliporudi uliifunika skrini na kitambaa cha meza. Nikakivuta kiti changu. Sitakudanganya, Chelangat, kwa siku mbili nilifurahi. Nilikaa mezani kwangu kama chifu. Siku ya tatu nikagundua huniulizi swali lolote. Nilikuwa nimedhani nikikuvunja kidogo utarudi kuwa yule wa darasa la nne, unauliza, "Baba, koma inaenda wapi?" Ulikuwa unanipa karatasi tu, macho chini, unangoja niseme kila kitu, hata nafasi kati ya mistari, hata ukubwa wa herufi ambao ulikuwa ukiujua usingizini. Halafu barua ya Nakuru ikaja, na nikakusikia ukimwambia mama yako hutaenda.

Leo asubuhi ulipokuwa ukifunga mizigo nilitoa ule waya kwa gambuti nikaurudisha. Skrini ikakaa sawa, "o" ikawa "o". Nikafungua kazi ya mzee Soi. Nilitafuta kosa lako ndani ya kurasa zile zote, kwa ubaya wangu wa zamani nilitafuta, na sikulipata. Majina ya wajukuu yako kwa mpangilio, nyimbo ziko kwa mahali pake, nafasi zimepumua, na pale aya ya mwisho ya wasifu uliipeleka ukurasa mpya ili Mama Kiprono asigeuze karatasi katikati ya sentensi inayotaja watoto waliotangulia. Nani alikufundisha hilo? Si mimi. Niliiachilia picha upana wake, na yule mzee akatokea, shingo imejaa kola. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu. Nililia, na mteja wa fotokopi akaona, nikamwambia ni vumbi la wino.

Sasa unajua. Hukukosa jicho. Ulikuwa na jicho zuri mbele ya kioo kilichoharibiwa na babako, na ukampelekea babako huyo huyo karatasi akuambie ukweli.

Kama utakubali neno kutoka kwangu, na una haki ya kulikataa, ni hili. Mama yako akienda kuchuma chai hubeba ufito wa kupimia usawa, anaulaza juu ya majani kabla mikono haijaanza, na amechuma tangu msichana. Macho yake hayana shida. Ni kwamba majani yanaweza kumdanganya mtu aliyesimama kwenye mteremko. Popote utakapokaa, hata kama ni skrini nzuri ya kampuni kubwa, chora mraba, weka rula juu ya kioo, pima pande zote. Usiulize mtu. Rula haina duka, na haijali wateja wanamtaka nani.

Na ukikosolewa, na kila neno ni la kweli, lichukue, litakufaa. Mimi yale ya zambarau na ya jedwali niliyasema kwa nia mbaya na yamekufanya fundi bora. Lakini mtazame pia anayesema. Angalia kama anakaa karibu nawe kukuonyesha au anasema akiwa mbali ili wengine wasikie. Mimi nilikuwa nasemea kwa fotokopi.

Halafu siku moja, naomba iwe mbali, ataletwa msichana mwenye mkono mwepesi kuliko wako. Utasikia kile kitu chini ya mbavu. Usijiambie ni hekima, wala usijiambie unalinda ubora wa kazi. Mimi nilijiambia hayo yote. Ukikisikia, inuka, mpe kiti, hata kama meno yanauma. Na mwambie mtu. Kama ningemwambia mama yako, "Nina wivu na mtoto wangu," angenicheka mpaka jioni na pengine ingeishia hapo.

Sijapona, usifikiri. Namwonea wivu shangazi yako, ambaye atakuona ukiamka. Nawaonea wivu hao watu wa Nakuru, ambao hata hawakujui na wanakungoja. Weldon nimempigia leo nikamweleza, akasema, "Pole, kaka," na hata hiyo pole yake nilimwonea wivu, kwamba amekuwa mtu mzuri kirahisi hivyo. Ndivyo nilivyo. Lakini sitaificha tena nyuma ya kompyuta.

Mama yako hajajua. Atajua leo, nikishakupa hii bahasha.

Jambo la mwisho. Nimempigia Kiprono, nimemwambia kesho nafika kwao kumwona mama yake, na nimeomba wale ndugu waliokuwa chini ya hema wawepo. Sikusema kwa nini. Nimechapa picha ya mzee kubwa, ya kuweka ukutani, lakini najua hawatakuwa wananingojea kwa sababu ya picha. Nitasema mbele yao kwamba msichana hakukosea, kwamba mimi niliiona na nikasema chapa, na kwamba nilisimama hapo kwao nikamwita mtoto. Wanaweza kunifukuza. Mama Kiprono anaweza kuninyima kiti. Usije ukanitetea, wala usishuke kunisubiri. Wewe endelea na safari. Kama utaenda kwa dawa ya kupe au kwa vitabu, hilo utaamua mwenyewe njiani, sitakupigia kukuuliza, ila uamue ukijua ni nani aliyeharibu ule uso.

Gari la Nakuru linapita Kedowa. Nilifikiri tungepanda pamoja, tuketi kando kwa kando mpaka hapo. Ukisoma hii na hutaki, mwambie tu mama yako, nitapanda linalofuata. Lakini Kedowa nitashuka.

Babako